Aegyo: ile sauti ya kudeka kwenye tamthilia za Kikorea. Nani anaitoa, nani anaidai?

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila ukifunguliwa uzi wa tamthilia za Kikorea humu ndani lazima atokee mtu wa kuuliza: hivi inakuwaje dada mzima, ana kazi yake na gari lake, ghafla anabana pua, anavuta maneno kama mtoto wa chekechea na kuweka ngumi mashavuni? Majibu huwa ni yale yale. Wengine wanasema ndivyo walivyoumbwa, wanawake wa kule ni laini. Wengine wanasema ni maigizo tu, mtaani hukuti kitu kama hicho. Mimi nimesoma Korea Kusini na Kikorea nakitumia kazini mpaka leo, na majibu yote mawili yananikera. Kaeni chini, leo ni marefu kidogo.

Jambo lenyewe linaitwa aegyo, tamka "egyo". Wakorea wanalizungumzia waziwazi kama tabia au kipaji: fulani anayo nyingi, fulani hana hata chembe. Mtoto wa miaka 3 anayo, paka anayejisugua miguuni anayo, bibi wa miaka 70 anaweza kuwa nayo. Hata kile kinyama kinachovimba chini ya jicho mtu akitabasamu kinaitwa aegyo-sal, yaani nyama ya aegyo, kwa sababu kinaupa uso sura ya kitoto. Kuna penseli za vipodozi za kukichora, na wapo wanaokwenda kliniki kuchomwa sindano ili kivimbe.

Ngumi na mashavu tuyaache, hayo mnayaona wenyewe kwenye skrini. Mimi nataka lugha, maana huko ndiko kwenye utamu, na tafsiri za maandishi chini ya skrini hazilionyeshi hata kidogo.

Mbinu nyepesi kuliko zote ni kubandika "ng" mwishoni mwa sentensi, ile ng ya ng'ombe. "Mwohae?" ni unafanya nini. Ukiidekeza inakuwa "mwohaeng?" "Baegopa" ni nina njaa, inakuwa "baegopang". Sauti inapita puani, ndiyo maana wenyewe husema mtu anaongea kwa "sauti ya pua".

Halafu kuna kitembe cha makusudi. Mtoto wa Kikorea anayejifunza kuongea husumbuliwa na "s", basi mtu mzima anaivunja hiyo hiyo. "Saranghae" (nakupenda) inageuka "ttaranghae". "Haesseo" (nimefanya) inageuka "haetjjyeo". Hii nayo ina jina lake, "sauti ya ulimi mfupi". Miaka ya 2010 kuna sentensi moja ilisambaa sana, mastaa wakawa wanaombwa waitamke kwenye vipindi: "gwisin kkum kkwosseo", nimeota mzimu. Kwa ulimi mfupi ikawa "gising kkungkkotto". Jaribu kuitamka kwa sauti ukiwa peke yako, utaelewa kwa nini watu waliipenda na kwa nini wengine waliichukia.

Ya tatu ni mkunjo wa sauti: silabi ya mwisho inavutwa, inapanda, kisha inashuka. Mwanaisimu Kyuwon Moon, aliyechunguza mazungumzo ya wasichana wa Seoul, ameipa uzito mkubwa silabi hiyo ya mwisho. Na kuna kujitaja kwa jina badala ya "mimi". Msichana anayeitwa Minji hasemi "nina usingizi", anasema "Minji ana usingizi", kama watoto wadogo wanavyojisemea.

Sasa angalieni kitu. Karibu vyote hivyo vinatokea mwishoni mwa sentensi. Kwa nini mwishoni?

Kwa sababu mwisho wa sentensi ya Kikorea ndiko heshima inakokaa. Sisi tukitaka kuheshimu tuna shikamoo, tuna mzee, mama, mheshimiwa, tukishasalimia tunaendelea na mazungumzo. Mkorea hana pa kukwepea. Kila anapofunga sentensi lazima achague mkia, na mkia unasema wewe na mimi tuko wapi. Anakula: "meogeo" kwa rafiki au mdogo wako, "meogeoyo" kwa adabu ya kawaida, "meokseumnida" ukiwa rasmi. Vitabu vya sarufi huorodhesha ngazi 6 za namna hiyo, ingawa kwenye maisha ya kila siku chache tu ndizo zinazosikika. Ndiyo maana Mkorea mkikutana tu anakuuliza umri. Sio umbea, anatafuta mkia wa kutumia.

Basi hiyo "-yo" ya adabu ndiyo inayogeuzwa "-yong". "Haeyo" inakuwa "haeyong". Msemaji hajaondoa heshima, mkia bado upo, lakini ameulegeza. Ni kama kusema: najua wewe ni mkubwa wangu, na ninakujia karibu hivyo hivyo. Kwenye lugha inayokulazimisha kutangaza ngazi kila sentensi, kupata namna ya kuomba bila kushusha heshima na bila kukaa mbali sio jambo dogo. Ndiyo maana nasema sio ujinga na sio tabia ya kuzaliwa nayo. Ni ufundi.

Na ufundi huo una mwelekeo, mara nyingi kutoka chini kwenda juu: mtoto kwa baba, mdogo kwa mkubwa, mke au mchumba kwa mwanaume, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa waliomtangulia. Kwenye makundi ya muziki yule mdogo kuliko wote, maknae, ndiye anayesukumiwa mbele aifanye. Mkubwa akiifanya kwa mdogo wake, hapo ni utani na wote watacheka.

Kuna msemo wao: na mbweha utaishi, na dubu hutaweza. Unahusu wake. Dubu ni yule mwanamke mwema, mchapakazi, lakini mzito, hana maneno. Mbweha ni mjanja, anajua kulainisha. Yaani jamii imeshatoa hukumu: bora mjanja mwenye aegyo kuliko mwema asiyekuwa nayo. Huo msemo shikeni, tutaurudia, kwa sababu ndipo shida inapoanzia.

#2 Mdau wa Tanga

Mkuu umeandika vizuri ila kwa kifupi si ni kudeka tu? Huku kwetu mwanamke wa pwani anakulegezea sauti mpaka unatoa hela ya gesi bila kujua. Hatujafungua uzi.

#3 Mleta uzi

Hahaha, kaka umesema kweli na sibishi. Kudeka kupo kila mahali. Wajapani wana yao, Wachina wanaita sajiao. Tofauti ya Korea ni kwamba jambo hili limetolewa chumbani likawekwa hadharani. Mwanamke wa Tanga hawezi kuambiwa na mtangazaji, mbele ya kamera, "haya dada, deka tuone".

Korea anaambiwa. Kwenye vipindi vya mazungumzo ilikuwa kama salamu: msanii mpya akishakaa, "tuonyeshe aegyo yako". Na sio wa kike tu, vijana wa makundi ya kiume nao huombwa. Mashabiki kwenye foleni ya kusainiwa albamu humvalisha msanii masikio ya sungura na kumwomba aifanye. Mwaka 2013 ulivuma wimbo wa Gwiyomi wa msanii Hari, ule wa kuhesabu kwa vidole, moja kujumlisha moja ni "gwiyomi", yaani mtu wa kupendeza. Ishara zake zilikuwa zimeanza kuchezwa kabla ya hapo na Ilhoon wa kundi la BTOB, kijana wa kiume kabisa. Baada ya hapo karibu kila staa alifanyishwa.

Mwaka huo huo wa 2013 ndipo Kang Ji-young, mdogo kuliko wote katika kundi la KARA, aliombwa aegyo kwenye Radio Star, kipindi cha mazungumzo cha televisheni ya MBC. Akasema hana, hajui kuifanya. Wakamsukuma. Akalia pale pale. Unadhani watu walimwonea huruma? Wapo waliomtetea, lakini wengi walimshutumu kwamba hajui kazi yake. Alikuwa na miaka 19.

Mimi tukio lile ndilo linalonifungua macho kila ninaposikia mjadala huu. Swali la "kwa nini wanafanya" nimeliacha. Nauliza nani ana haki ya kukuambia ufanye.

#4 Mdau wa Mwanza

Naomba kuuliza, na wanaume wa kawaida wa mtaani? Maana tunaambiwa Mkorea dume ni jeshi miaka na miaka.

#5 Mleta uzi

Swali zuri sana.

Jeshini ni kinyume kabisa cha aegyo, na tena kwenye sehemu ile ile ya sentensi. Kulikuwa na kanuni inayoitwa da-na-kka: askari wa chini akiongea na mkubwa wake, sentensi iishe kwa "da" au "kka" tu ("na" ya katikati ni "au"). Ile "-yo" ya kiraia ilikuwa marufuku, ilionekana laini mno. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ikalegeza, "-yo" ikaruhusiwa kwenye mazungumzo ya kawaida. Fikirieni, nchi ilikuwa na silabi moja ambayo askari alikatazwa kuitumia kwa mkubwa wake, na mchumba wake anaibandika "ng" ili iwe laini zaidi.

Sasa kijana huyo huyo jioni akishika simu anamwandikia mpenzi wake "-yong". Sitanii. Wanaume wanaifanya, hasa kwenye maandishi na hasa wakiwa na mwanamke aliyewazidi umri, ambaye wanamwita nuna. Hadharani ndipo wanapojibana, kwa sababu mwanaume akizidisha anaambiwa anawakunja watu. Ndivyo wanavyosema: ukiona jambo la aibu la namna hiyo, mikono na miguu inajikunja yenyewe.

Na usifikiri nchi nzima ni sawa. Wanaume wa Gyeongsang, yaani Busan, Daegu na kule kusini mashariki, wana sifa ya ukavu. Kuna kichekesho cha zamani kwamba mume wa kule akirudi nyumbani anasema maneno matatu tu usiku kucha: "Aneun? Babdo. Jaja." Watoto wako wapi? Lete chakula. Tulale. Lakini lafudhi hiyo hiyo mdomoni mwa mwanamke wanaume wa Seoul wanaiona tamu kupita kiasi. Akisema "oppaya" badala ya "oppa" (kaka) wanayeyuka. Sauti ni zile zile, kupanda na kushuka ni kule kule. Kwa mwanaume ni ugumu, kwa mwanamke ni aegyo. Hapo utaona kwamba utamu mwingine uko kwenye masikio ya anayesikiliza.

#6 Mdau, msichana wa Nairobi

Nimesoma yote na bado nasema ni ukandamizaji. Msiupake rangi. Mwanamke anafundishwa kuongea kama mtoto ili mwanaume ajione mkubwa. Akiongea kama mtu mzima anaitwa dubu. Wewe mwenyewe umeleta huo msemo halafu ukauita ufundi.

#7 Mleta uzi

Dada yangu, sikupingi kwa upande huo, na wanawake wengi wa Korea wanasema kama wewe. Mwaka 2018 kulikuwa na vuguvugu la "tal-koreuset", kuvua koseti, lile vazi la kubana kiuno: wasichana wakakata nywele fupi, wakavunja vipodozi vyao na kuweka picha mtandaoni. Wapo walioiweka aegyo kwenye lundo lile lile la vitu vya kutupa. Sababu yao ni hii yako, kwamba kuongea kitoto kunamrudisha mwanamke nyuma kila anapotaka kusikilizwa kama mtu mzima.

Ongeza na upande wa kazi. Wahudumu wa simu na madukani hufundishwa kuongea kwa "toni ya sol", ile noti ya tano ya do-re-mi, sauti ya juu yenye tabasamu. Kuna kipindi miaka ya 2000 ukipiga 114, namba ya kuulizia namba za simu, unapokewa na "Nakupenda, mteja wetu". Mhudumu analipwa kwa kukaa kwenye kiti cha mdogo siku nzima, na kuna wateja waliokuwa wakiitumia nafasi hiyo vibaya. Oktoba 2018 ndipo kikaanza kufanya kazi kifungu cha sheria kinachomtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wa namna hiyo dhidi ya matusi ya wateja. Sio aegyo kamili, lakini ni ukoo mmoja: ulaini unaodaiwa.

Ninapoachana nawe ni kwenye kusema yote ni ukandamizaji. Ukikaa na familia ya Kikorea utamkuta binti wa miaka 30 anamwambia baba yake "appaaa" kwa ile sauti ya kupanda na kushuka, mzee aliyenuna tangu asubuhi anaangua kicheko, mama anakonyeza jicho. Pale hakuna aliyedhulumiwa. Utawakuta wasichana watupu, hakuna mwanaume hata wa dawa, wanaandikiana "-yong" mwanzo mwisho. Nao wanamfanyia nani? Wanacheza. Ukiwaambia wanakandamizwa watakushangaa.

Pia kumbuka hao hao wanajua kuicheka. Wana neno la tabia ya kujifanya mpole asiyejua lolote, naesung, na hawaivumilii. Aegyo inayoonekana imefanyiwa mazoezi inachukiwa kuliko kukosa aegyo kabisa. Kwa hiyo mwanamke anatakiwa aifanye kama vile haifanyi. Hapo ndipo naona mzigo mkubwa kuliko hata hizo sauti.

#8 Mdau, msichana wa Nairobi

Hiyo ya mwisho nimeikubali. Ya baba na binti nitaifikiria.

#9 Mdau wa Dar

Mimi nimefanya kazi na Wakorea kwenye ujenzi, mainjinia na wahasibu, wanawake wamo. Sijasikia hata siku moja mtu anadeka. Nilisikia kelele tu. Naona mnakuza mambo.

#10 Mleta uzi

Mkuu, kazini ungesikia wapi? Pale ni mkia rasmi, "-mnida" na "-mnikka". Ungetaka kuona ungechungulia simu zao.

Wakorea wako KakaoTalk, programu yao ya kutumiana ujumbe kwenye simu, tangu ilipoanza 2010, na maandishi hayana sauti, hivyo ule mkunjo wote umehamia kwenye tahajia. Mfano mdogo kabisa ni neno "ndiyo". "Ne" ni ndiyo ya kawaida, na mdomoni haina kosa lolote. Lakini ukimwandikia bosi "ne" peke yake inaonekana baridi, kama umenuna. "Neng" ni laini, ya kudeka, inafaa kwa mkubwa mliyezoeana. "Nep", imefungwa kwa p, ni ya haraka na utiifu, kama mtu amepiga saluti. Ikafika mahali wafanyakazi wanajicheka wenyewe kwamba wana "ugonjwa wa nep", kila ujumbe wa bosi ukiingia kidole kinaandika nep chenyewe, hata saa 5 usiku.

Na huko wanaume na wanawake wako sawa. Mwanaume wa miaka 40 mwenye tai anakaa dakika nzima anachagua kati ya ne, neng na nep. Mimi nikiulizwa nitoe ushahidi kwamba aegyo ina uhusiano na ngazi kuliko na jinsia, nitatoa huo.

#11 Mdau wa Dodoma

Mkuu na hii "oppa" imekaaje? Wadogo zangu wa kike wanamwita kila msanii oppa. Na juzi kuna jamaa humu kamwandikia mwenzake "asante oppa".

#12 Mleta uzi

Huyo jamaa mwambieni aache, Mkorea akiona atacheka mpaka adondoke. Oppa ni kaka mkubwa, na anayeitamka ni mwanamke. Mwanaume kwa kaka yake mkubwa anasema hyeong. Dada mkubwa ni eonni akiitwa na msichana, nuna akiitwa na mvulana.

Neno oppa lenyewe halina kudeka ndani yake. Binti anamwita kaka yake wa damu hivyo, tena akimfokea arudishe chaja. Likitoka nyumbani kwenda kwa mwanaume mwingine ndipo linapopata joto, na likivutwa, "oppaaa", au kuongezewa "ng", linakuwa aegyo kamili. Kuna wanaume wanaopenda sana kuitwa hivyo, na wapo wanaojiita wenyewe: "oppa atakununulia". PSY kwenye Gangnam Style ya 2012 anafanya hivyo hivyo, "oppan" pale anajisema yeye. Msichana asiyetaka ukaribu huo anatumia cheo, au jina la mtu na "-ssi" ya adabu mwishoni, na mwanaume mwenye akili anaelewa ujumbe umefika.

Tafsiri nyingi zinaandika "mpenzi" kila oppa inapotokea, ndiyo maana mtazamaji anachanganyikiwa akisikia msichana anamwita hivyo kaka yake.

#13 Mdau wa Arusha

Niko darasa la Kikorea, mwalimu wetu ni mwanamke, Mkorea, wa makamo. Nikimwandikia "gamsahamnidayong" si nitapata maksi za bure?

#14 Mleta uzi

Usithubutu. Kwanza umechanganya mikia: "gamsahamnida" ni rasmi, haina "-yo", hiyo "-yong" umeibandika hewani. Wapo vijana wanaofanya hivyo kwa mzaha lakini wao wanajua wanachovunja. Pili hujamzoea, na mgeni akianza na ulaini kabla ya adabu anaonekana amejifunza lugha kwenye tamthilia, au kwa mpenzi wake. Wanaume wa kigeni waliofundishwa na wachumba wao hutaniwa sana huko kwamba wanaongea kike.

Mwandikie "gamsahamnida" kavu. Akikujibu "neng", hapo njoo tena uulize.